Ufafanuzi: Mhadhiri anapotuhumiwa au kudhulumiwa, sheria ya Uganda inasemaje?

Kabla ya mwaka 2013, kijana wa Abuku aliyetaka kusoma katika chuo kikuu cha umma alilazimika kuvuka Mto Nile. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Muni kilianza kufundisha Arua, na tangu hapo mambo ya chuo kikuu si habari za Kampala pekee kwa wakazi wa Koboko na Arua. Nyumba moja ina mwanafunzi, nyingine ina mhadhiri, nyingine ina karani au mlinzi. Mgogoro wa kazi ukizuka chuoni, huwafikia wote.

Je, nani ana mamlaka ya kumwadhibu mhadhiri? Naye akionewa, aende wapi?

Nani anaamua?

Vyuo vikuu vya umma nchini Uganda huongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001. Chombo cha juu kabisa ni Baraza la Chuo. Seneti husimamia taaluma: masomo, mitihani na utafiti. Kuajiri, kupandisha cheo na kuondoa watumishi kazini ni jukumu la Bodi ya Uajiri.

Mgawanyo huu una maana yake. Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji wa kila siku, aweza kumsimamisha mtumishi ili uchunguzi ufanyike. Uamuzi wa kumwondoa kazini, hata hivyo, ni wa Bodi. Ndiyo kusema, barua ya kusimamishwa si hukumu, ingawa watu wengi huisoma kana kwamba ni hukumu.

Kusimamishwa na kusikilizwa

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, ambayo huwalinda waajiriwa kwa jumla, imeweka mipaka. Mwajiri anayefanya uchunguzi unaoweza kuishia katika kufukuzwa anaruhusiwa kumsimamisha mtumishi kwa nusu mshahara, lakini si kwa zaidi ya wiki nne.

Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayotarajiwa kuielewa. Mtumishi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo, kupewa muda wa kutosha kujiandaa, na kujibu. Kifungu hiki hakimhusu profesa peke yake. Mpishi au mlinzi ambaye Kiingereza chake ni cha kubabaisha ana haki ileile ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoifahamu.

Juu ya sheria hizo imesimama Katiba ya mwaka 1995, ambayo imeiweka haki ya kusikilizwa bila upendeleo miongoni mwa haki zisizoweza kuondolewa kwa hali yoyote.

Njia za rufaa

Sheria ya mwaka 2001 inataka kila chuo kikuu cha umma kiwe na Baraza la Rufaa la Watumishi. Mtumishi asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ya Uajiri hukata rufaa huko, na baada ya hapo mahakama ziko wazi.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Dkt. Stella Nyanzi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwezi Aprili 2016 alivua nguo hadharani akipinga kufungiwa ofisi yake katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii, iliyokuwa ikiongozwa na Profesa Mahmood Mamdani. Mvutano ulihusu iwapo mtafiti kama yeye alipaswa pia kufundisha wanafunzi wa shahada ya uzamivu. Mwaka 2017 alisimamishwa kazi. Alikata rufaa, na Baraza la Rufaa likaamua kwa upande wake, likiagiza arejeshwe kazini. Hata hivyo hakurejea katika kazi yake.

Fundisho ni kwamba kushinda rufaa ni jambo moja, na uamuzi kutekelezwa ni jambo jingine. Kwa hiyo anayedai haki yake ahifadhi kila barua, kuanzia mkataba wa kwanza hadi jibu la mwisho.

Malalamiko ya wengi na ya wanafunzi

Malalamiko mengine si ya mtu mmoja. Katiba inawaruhusu wafanyakazi kuunda vyama na kugoma kwa kufuata sheria. Mwaka 2016 wahadhiri wa Makerere waligoma wakidai malimbikizo ya posho. Wanafunzi nao wakaandamana, na tarehe 1 Novemba Rais Yoweri Museveni akakifunga chuo. Kilifunguliwa tena Januari 2017. Gharama ya miezi hiyo waliibeba pia wazazi waliokwisha kulipa karo.

Wakati mwingine mlalamikaji ni mwanafunzi. Mwaka 2018 Makerere iliunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza unyanyasaji wa kijinsia chuoni. Katika mashauri ya aina hii utaratibu wa haki una kazi mbili: kumlinda anayelalamika asilipiziwe kisasi, na kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu. Kimoja kikikosekana, uamuzi wenyewe huwa rahisi kupingwa.

Vyuo binafsi

Baraza la Rufaa lililotajwa hapo juu ni la vyuo vya umma. Katika vyuo binafsi, mtumishi hutegemea mkataba wake, kanuni za chuo na Sheria ya Ajira. Aliyefukuzwa isivyo haki aweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Shauri lisipokwisha hapo, laweza kufika Mahakama ya Viwanda.

Miezi mitatu hupita upesi, hasa kwa anayesubiri wazee wa familia au viongozi wa dini wamwombee msamaha kwa wakuu wake. Suluhu ya namna hiyo ina heshima yake, na wengi wamerudi kazini kwa njia hiyo. Lakini haisimamishi hesabu ya siku. Ni busara malalamiko yaandikwe na kupokelewa rasmi huku mazungumzo yakiendelea.