Historia yenye karto ya mashini haikuniambia



Leo sileti mambo ya mihogo wala ya mbolea. Naleta mambo ya kahawa, na si ile ya shambani peke, ni ile ya mu kikombe. Wengi kati yetu wameanza kutafuta namna ya kujitengenezea espresso ku nyumba, na swali yenye inarudilaka ni moja: tununue mashini gani?

Mimi nilijibu ile swali vibaya mara ya kwanza. Nilichanga makuta miezi mine, nikanunua mashini ya dola 120 juu karto yake ilikuwa na maandishi makubwa: bar 15. Nilikuwa nimesikia kama mu bare za Italia wanatumia bar 9, nikajiambia 15 lazima iko bora. Siku ya kwanza nikapata maji chungu ya rangi ya chai. Siku ya tatu umeme ikakatika, tukakaa jioni mbili bila kitu. Nikarudia muuzaji, akaijaribu, akasema mashini iko nzima. Na kweli ilikuwa nzima. Mimi njo sikujua nilichonunua.

Nikaanza kusoma historia. Nikaona kama kila chombo cha espresso kilizaliwa juu ya shida moja fulani. Ukijua ile shida, unaweza kujiuliza kama ni yako pia. Usipojua, unanunua jibu ya shida ya mtu mwingine.

Shida ya kwanza: haraka

Mu mwaka 1884, ku Torino, Angelo Moriondo alipata breve ya mashini kubwa ya mvuke ya kutayarisha kahawa. Ilikuwa inatoa kahawa nyingi kwa mara moja. Mu 1901, Luigi Bezzera wa Milano akaleta wazo lingine: kahawa ya kila mtu peke yake, ikiwekwa mu kichujio kidogo chenye mkono, maji inapita ndani na kushuka mu kikombe. Ule mkono njo tunaushikaka mpaka leo. Desiderio Pavoni akanunua haki ya Bezzera, akaanza kutengeneza zile mashini, na mu 1906 watu wakaziona mu maonyesho makubwa ya Milano.

Lakini nguvu yake ilikuwa mvuke tu, kama bar 1 na nusu. Ukitaka mvuke isukume zaidi, lazima uongeze moto, na ukiongeza moto, maji inaunguza kahawa. Kwa hiyo kahawa ilitoka haraka, lakini ilikuwa chungu, na ile povu ya rangi ya dhahabu haikuwako.

Somo: ku soko kungali vimashini vya bei ndogo vyenye kifuniko cha kufunga kwa nguvu, bila pompi ndani. Wanavipa jina la espresso. Vinafanya kazi kwa mvuke kama mashini za 1901. Kama unajua hivyo na unapenda kahawa nzito yenye maziwa, sawa. Lakini usiingoje ikupe kitu yenye haikutengenezwa kutoa.

Wakati ule ule, mbegu yetu ilipanda mashua

Hapa siye Wakongomani tunaingia mu hii historia, na wachache wanatusimuliaka. Mwishoni mwa karne ya 19, Émile Laurent, profesere wa kilimo wa Ubeljiji, alikusanya mimea mu Kongo, kati yake kahawa ya pori ya upande wa Sankuru. Shamba la miche la Linden ku Bruxelles likaizidisha na kuiuza kwa jina la robusta, maana yake yenye nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikafika Java, kwenye ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu arabika. Robusta ikastahimili. Kutoka pale ikasambaa mu mashamba ya nchi nyingi za joto.

Na robusta iko na kafeini karibu mara mbili ya arabika, na inasaidia kutoa povu nzito. Njo sababu wachomaji wengi wa Italia, zaidi wa upande wa kusini, wanaichanganyaka mu espresso yao. Kwa hiyo mtu wa Napoli akisifu povu ya kikombe chake, mara nyingi anasifu mti wenye asili yake iko hapa kwetu mu misitu.

1933: mambo mawili

Mu 1933, Alfonso Bialetti alianza kutengeneza ku Italia kifaa kidogo cha aliminiomu chenye pembe nane, wanaita Moka. Maji iko chini, kahawa katikati, mvuke inasukuma maji ipande juu. Haifikishe bar 9, hata haikaribii, kwa hiyo si espresso ya kweli. Lakini inaikalisha juu ya moto wowote, hata juu ya mbabula ya makala. Shida yenye Moka ilimaliza ni kunywa kahawa kali bila kutoka nyumbani na bila umeme. Hiyo shida munaijua.

Mwaka ule ule Wabeljiji wakaunda INEAC, na ku Yangambi wakaanza kazi kubwa ya kuchagua robusta zenye kuzaa vizuri. Kila mtu mwenye amesoma agronomia anajua lile jina. Baadaye ugonjwa wa kukauka kwa miti, tracheomikoze, ukarudi kupiga robusta ya kaskazini-mashariki, mashamba mengi yakaachwa. Mbegu ilikuwa imeondoka, ikatajirisha wengine, na siye tukabaki na visiki.

Shida ya pili: ladha ya kuungua

Achille Gaggia alikuwa na bare ku Milano. Aliona kama mvuke njo adui. Mu 1938 akapata breve ya kwanza, na kisha vita, mu miaka ya 1947 na 1948, akaleta mashini yenye mkono mrefu na springi. Unavuta mkono chini, springi inakazwa, halafu inasukuma pistoni juu ya maji ya moto. Nguvu ikaruka mpaka karibu bar 8 au 9 bila kuhitaji kuchemsha maji kupita kiasi. Povu ikatokea kwa mara ya kwanza. Wateja wengine wakaiogopa, wakafikiri ni uchafu. Wakaipatia jina la krema, na leo bila krema mtu hakubali kama ni espresso.

Munaona? Ile bar 9 yenye wote wanaimba ilitoka ku mkono wa mtu na springi. Hakukuwa pompi ya umeme.

Shida ya tatu: mkono kuchoka

Mu 1961, kampuni ya Faema, chini ya Ernesto Valente, ikatoa mashini E61. Pompi ya umeme njo inasukuma maji, bar 9 sawasawa, kikombe cha kwanza mpaka cha mia. Jina lake linatoka ku kupatwa kwa jua kwa Februari 1961. Mwezi ule ule njo dunia ilitangaziwa kifo cha Lumumba. Ku Milano walikuwa wanapumzisha mkono wa muuza kahawa, huku siye tulikuwa tunazika.

Pompi ni jibu ya bare yenye wateja mia. Wewe nyumbani uko na wateja wangapi? Na umeme yako inakaaka saa ngapi?

Basi tununue nini?

Kwanza, kinu cha kusaga. Nasema kwanza juu hata Gaggia hawezi kuokoa kahawa iliyosagwa vibaya. Maji iko mvivu, inapitaka kwenye njia rahisi. Kama unga iko na vipande vikubwa na vumbi pamoja, maji inakimbia pembeni ya vikubwa na kukamua vumbi mpaka uchungu. Vile vinu vya kisu chenye kuzunguka vinakatakata tu. Tafuta kinu chenye meno mawili ya chuma ya kusaga katikati, chenye unaweza kurekebisha kidogo kidogo. Cha mkono kinatosha, kinaomba dakika mbili na nguvu kidogo. Kama uko na makuta ya kitu kimoja tu, nunua kinu na Moka. Usinunue mashini bila kinu. Hilo njo kosa langu.

Pili, mizani ndogo yenye kupima desimali moja ya gramu. Anza na gramu 18 za unga, utoe gramu 36 za kahawa mu kikombe, kati ya sekunde 25 na 30. Ikikimbia, saga laini zaidi. Ikidondoka kama asali ya baridi, saga kubwa kidogo. Badilisha jambo moja kwa mara moja, kama vile tulifundishwa mu majaribio ya shamba: ukibadilisha mbolea na mbegu pamoja, hautajua nini ilileta mavuno.

Tatu, sasa njo mashini. Kama umeme yako haina uhakika, chukua ya mkono, ile ya kukandamiza wewe mwenyewe. Unachemsha maji popote, unapasha chombo moto, unasukuma. Ni akili ya Gaggia, na haina kitu kingi cha kuharibika zaidi ya mipira. Kama umeme yako iko imara, chukua ya pompi, lakini usidanganyike na bar 15. Ile ni nguvu ya mwisho yenye pompi inaweza kufikisha, kahawa yako inahitaji karibu 9. Afadhali uulize kama inashika joto bila kuyumba, kati ya digri 90 na 96, na kama kichujio chake ni cha kawaida ama ni kile cha chini mbili chenye tundu moja. Kile cha tundu moja kinalazimisha povu hata na unga mbaya. Kinasaidia mwenye hana kinu, lakini kinaficha makosa yote.

Nne, kahawa yenyewe. Iliyochomwa mpya, iachwe kupumua siku 7 mpaka 10, imalizike mbele ya miezi kupita. Krema inaundwa na gesi yenye ingali ndani ya punje, kahawa nzee haina. Na kwa arabika ya Kivu, fungua pua wakati wa kusaga: ukisikia harufu ya birai mbichi, mwaga ile gramu 18 yote, safisha kinu, uanze upya. Ni kasoro ya eneo letu la Maziwa Makuu, inaendanaka na mdudu mwenye kutoboa matunda ya kahawa. Punje moja inatosha kuharibu kikombe, lakini haiharibu gunia.

Mimi niliuza ile mashini ya bar 15, nikanunua kinu cha mkono na mashini ya kukandamiza. Likizo iliyopita nikazipeleka ku mjomba wangu, upande wa Kalehe. Anapandaka kahawa tangu mbele sijazaliwa, anauzaka parche, na yeye mwenyewe anakunywaka chai. Tulichoma punje zake mu sufuria, tukangoja wiki, nikamkamulia juu ya meza ya mbao. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Njo hii wanapelekaka mbali?"

"Njo hii, mjomba."

Halafu akauliza kilo moja inatoa vikombe vingapi. Tukahesabu pamoja. Kilo moja ya parche, ukitoa ganda inabaki kama gramu 800, ukichoma inabaki karibu 670. Kwa gramu 18 kila mara, ni vikombe 37.

"Basi kila kilo," akasema, "naachaka vikombe 37 juu ya mizani ya mnunuzi."

Kesho yake nikamkuta anachagua matunda mekundu kando, yenye haijaiva kando. Akaniomba nimuachie kinu. Nikamuachia. Nachanga ya pili.