Wakili wa Nani? Clare Akamanzi, kutoka Sheria hadi Utendaji Mkuu

Neno wakili lina maana pana kuliko ile tunayoisikia mahakamani. Bwana harusi aliye safarini anaweza kumtuma wakili aikubali ndoa kwa niaba yake. Mfanyabiashara anayekaa mbali na mali yake humweka wakili aiangalie. Katika shina hilohilo tumepata kuwakilisha, mwakilishi na uwakilishi. Kwa Kiswahili, basi, wakili ni mtu aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa ajili ya mwingine, awe mbele ya hakimu au mbele ya daftari la hesabu.

Insha hii inaitumia maana hiyo kuichunguza historia ya Clare Akamanzi, mwanasheria wa Rwanda aliyeongoza Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) kuanzia 2017 hadi 2023, na tangu Januari 2024 ni mtendaji mkuu wa kampuni ya NBA Africa. Wengi husema aliacha sheria akaingia biashara. Hoja yangu ni kwamba hakuiacha kazi ya uwakili hata siku moja. Waliobadilika ni waliomtuma. Kwa hiyo katika kila hatua ya safari yake swali la kuuliza ni moja: alikuwa wakili wa nani?

Akamanzi alizaliwa Uganda mwaka 1979, katika familia ya wakimbizi wa Rwanda. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akachukua shahada ya uzamili katika sheria za biashara na uwekezaji huko Pretoria, Afrika Kusini. Baadaye alisomea uongozi wa umma katika Chuo Kikuu cha Harvard. Uchaguzi wake wa sheria za biashara unastahili kuangaliwa ndani ya wakati wake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mzigo mkubwa wa sheria nchini ulikuwa kuhukumu yaliyopita. Mahakama ya Kimataifa iliketi Arusha, na nyumbani mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Kazi hiyo haikukwepeka. Lakini nchi ilihitaji pia wanasheria wa kuandika yajayo: sheria za kampuni, mikataba ya uwekezaji, masharti ya biashara na majirani. Akamanzi alikuwa wa kundi hili la pili.

Kazi yake ya mwanzo serikalini ilimpeleka Geneva, kwenye Shirika la Biashara Duniani, akiwa mmoja wa waliojadiliana kwa niaba ya Rwanda. Nchi ndogo isiyo na bandari haina manowari wala soko kubwa la kuwatisha wengine mezani. Silaha yake ni maandishi: kifungu kilichosomwa vizuri, neno lililopingwa kabla ya kutiwa saini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mjadala wa Geneva ni daftari la mataifa, na anayeshindwa kulisoma hupoteza mali yake bila kujua ilikwenda wapi. Hapo jibu la swali letu ni rahisi: alikuwa wakili wa dola.

Mwaka 2006 alirudi Kigali kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa shirika lililosimamia uwekezaji na mauzo ya nje. Miaka miwili baadaye shirika hilo, ofisi ya utalii na nyingine kadhaa, jumla taasisi nane, ziliunganishwa kuwa RDB. Mabadiliko haya hayakuwa ya jina tu. Kiongozi wa taasisi mpya alipewa cheo cha kampuni, mtendaji mkuu, na wa kwanza kukishika alikuwa Joe Ritchie, mfanyabiashara kutoka Marekani. Serikali ilikuwa inajaribu kuwa na ofisi ya umma inayofanya kazi kwa mwendo wa kampuni. Akamanzi aliingia humo katika nafasi za juu za utendaji, karibu miaka kumi kabla ya kukalia kiti kikuu.

Kazi iliyofanywa katika miaka hiyo ilikuwa ya kisheria kabisa. Rwanda ilikuwa imerithi sheria za Kibelgiji, na mwaka 2007 ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako nchi tatu waanzilishi zilikuwa zimerithi za Kiingereza. Ilibidi sheria za biashara ziandikwe upya. Sheria ya kampuni ilitoka Aprili 2009, na mtu aliyezoea kuzunguka ofisi baada ya ofisi akitafuta muhuri akaweza kusajili kampuni mahali pamoja. Katika ripoti ya Benki ya Dunia ya urahisi wa kufanya biashara iliyotoka mwaka huo, Rwanda ilipanda kutoka nafasi ya 143 hadi ya 67. Ripoti hizo zilisitishwa mwaka 2021 baada ya kugundulika kasoro katika takwimu za nchi nyingine. Namba zikafa, sheria zikabaki. Mwanahistoria afadhali apime kwa sheria.

Hapa Gisenyi tuna mfano unaoeleza kwa nini kampuni huhitaji wakili. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa hapa mwaka 1957. Mwanzoni mwa 2011 hisa zake zilianza kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Rwanda, baada ya serikali kuachia sehemu yake. Tangu hapo mwalimu wa Rubavu anaweza kumiliki kipande cha kiwanda anachokipita kila asubuhi. Lakini hawezi kuingia ndani na kuamuru mitambo. Wenye mali ni wengi na wametawanyika, kwa hiyo humweka mmoja atende kwa niaba yao. Huyo ndiye mtendaji mkuu, na kwa maana ya Kiswahili ni wakili.

Akamanzi aliteuliwa kuiongoza RDB Februari 2017, mwezi uleule Bunge letu lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Miezi mitatu baadaye RDB ilipandisha bei ya kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500, wakati Uganda ilikuwa ikitoza 600. Wenye hoteli na waongoza watalii waliogopa kwamba wageni wangevuka mpaka. Pamoja na bei hiyo lilikuja badiliko jingine: sehemu ya mapato ya hifadhi inayokwenda kwa wananchi wanaoizunguka ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Wilaya yetu ya Rubavu ni miongoni mwa nne zinazopakana na Hifadhi ya Volkano. Katika uamuzi huu wakili alikumbuka kwamba waliomtuma hawako Kigali peke yake. Wamo pia wanaolima viazi chini ya volkano.

Mikataba ya mpira ilikuwa na sura nyingine. Mei 2018 maneno "Visit Rwanda" yalianza safari yake kwenye mkono wa jezi ya Arsenal. Zikafuata Paris Saint-Germain mwaka 2019 na Bayern Munich mwaka 2023. Uingereza na Uholanzi wapo wanasiasa waliouliza kwa nini nchi inayopokea misaada ilipie matangazo kwa klabu tajiri. RDB ilijibu kwamba utalii hauwezi kukua bila kutangazwa, na jibu hilo lina mantiki yake ya kibiashara. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2025, Akamanzi akiwa amekwisha kuondoka na M23 wakiwa wameingia Goma, serikali ya Kongo iliziandikia klabu hizo tatu ikizitaka ziachane na mikataba hiyo. Mkataba hutiwa saini na wawili, lakini husomwa na wengi, hata wale ambao hawakualikwa mezani.

Septemba 2023 aliondoka RDB, na Desemba NBA Africa ikatangaza jina lake. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 2021 ikiwa na wawekezaji wa Kiafrika, wakiwemo wachezaji wa zamani kama Dikembe Mutombo na Luol Deng. Mwaka huohuo Kigali iliandaa msimu wa kwanza wa Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, klabu 12 zikishiriki, na RDB ilikuwa mshirika wake. Yaani mwanamke aliyekuwa upande wa nchi sasa yuko upande wa kampuni iliyofanya biashara na nchi hiyo. Wapo watakaoona mashaka hapo. Mimi naona jambo lililo wazi zaidi: ujuzi ni uleule, wa kusoma, kupatana na kuandika, ila sasa wenye mali ni wanahisa, na wanahisa ndio wanaostahili hesabu yake.

Historia hii ina funzo kwetu tunaosoma lugha, ambao huulizwa kila likizo kwamba maneno yatatulisha nini. Akamanzi hakujenga kwa matofali. Alijenga kwa maneno yaliyopangwa yakashika. Lakini maneno hayo yaliandikwa kwa lugha za ofisini, na hapo ndipo pengo linapoonekana. Mama anayevuka mpaka mdogo wa Gisenyi na Goma na kapu la mboga hupatana bei kwa Kiswahili. Faida yake inategemea masharti ya forodha, saa za kufungwa mpaka na amani ya upande wa pili kuliko inavyotegemea usajili wa kampuni. Yeye pia ana mali, na mali yake inahitaji daftari. Mwekezaji wa Volkswagen aliyefungua kiwanda Kigali mwaka 2018 alikuwa na wanasheria wake wa kumsomea kila kifungu. Mama huyu kifungu kinachomhusu husomewa na askari wa zamu, siku mzigo wake umezuiwa.

Kwa hiyo nikiulizwa Akamanzi alikuwa wakili wa nani, nitajibu: wa dola kwanza, kisha wa wanahisa, na kwa asilimia 10 za hifadhi, wa wanakijiji wa volkano. Nafasi ya wakili wa yule mama wa mpakani bado iko wazi. Anayeitaka ajue sheria, na ajue Kiswahili.