Mgeuko wa mwisho: kwa nini msomaji mmoja hushangilia na mwingine hukitupa kitabu

Msomaji wa riwaya za taharuki hufanya jambo la ajabu: hutoa pesa yake mfukoni ili adanganywe. Akidanganywa vizuri, humsifu mwandishi na kumtafutia rafiki yake nakala. Akidanganywa vibaya, hukasirika kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tofauti ya hali hizo mbili iko wapi? Katika makala haya tunaeleza mgeuko wa hadithi ni nini, kwa nini wasomaji huupokea kwa namna tofauti, na mabishano makubwa yaliyowahi kuzuka kuhusu jambo hili. Tunatoa onyo mapema: sehemu mbili za makala zinafichua siri za vitabu viwili maarufu, na tumeziwekea alama. Ukipenda, ziruke.

Mgeuko ni nini hasa?

Katika hadithi ya kawaida ya upelelezi, swali kubwa ni nani kafanya. Katika riwaya ya taharuki ya kisaikolojia kuna swali jingine linalomsumbua msomaji: je, haya ninayoambiwa ni kweli? Hatari haitoki kwa jambazi wa mbali. Imo ndani ya ndoa, ndani ya nyumba, au ndani ya kichwa cha anayesimulia.

Mgeuko ni pale taarifa moja inapobadilisha maana ya yote yaliyotangulia. Gari likimgonga mhusika bila kutarajiwa, hilo ni tukio la ghafla tu. Lakini ukigundua kwamba mtu uliyemhurumia kwa kurasa 200 ndiye aliyelipanga tukio hilo, huo ni mgeuko, kwa sababu sasa unalazimika kurudi nyuma na kusoma upya kila alichosema.

Waandishi wana mbinu kadhaa. Ya kwanza ni msimulizi asiyeaminika, yaani anayetusimulia ana sababu ya kuficha. Ya pili ni kumbukumbu iliyokatika. Katika The Girl on the Train ya Paula Hawkins, iliyotoka mwaka 2015, msimulizi mkuu ni mwanamke mlevi asiyekumbuka alichofanya usiku wa tukio, hivyo msomaji anapapasa gizani pamoja naye. Ya tatu ni kuchanganya nyakati, ambapo mambo unayodhani yanatokea sambamba kumbe yametenganishwa na miaka.

Wasomaji hupokeaje?

Ukisikiliza watu wanaozungumzia vitabu hivi, utasikia majibu ya aina nne.

*Butwaa.* Msomaji huacha mdomo wazi, kisha anarudi kurasa za mwanzo kukagua. Akikuta dalili zilikuwepo mbele ya macho yake, furaha huwa mara mbili.

*"Nilijua tangu mwanzo."* Hawa ni wengi kuliko wale waliojua kweli, na si lazima wawe waongo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wametabiri matokeo ya safari za Rais Nixon huko China na Urusi mwaka 1972. Walipoulizwa baadaye walikuwa wametabiri nini, wengi walikumbuka kwamba waliyapa yale yaliyotokea nafasi kubwa kuliko walivyoyapa hasa. Akili ikishajua mwisho, huona kama mwisho huo ulikuwa wazi siku zote. Kitabu hufanyiwa vivyo hivyo.

*"Nimepigwa changa la macho."* Hapa msomaji analalamika kwamba mwandishi hakucheza kwa haki. Pacha asiyewahi kutajwa anaibuka ukurasa wa mwisho, au mambo yote yanageuka kuwa ndoto.

*Maumivu.* Hili husemwa kidogo lakini ni zito. Mgeuko unaweza kumgusa msomaji mahali penye jeraha, kama tutakavyoona.

Kesi ya mwaka 1926 *(Tahadhari: sehemu hii inafichua mwisho wa The Murder of Roger Ackroyd)*

Mwandishi Mwingereza Agatha Christie alitoa riwaya hii mwaka 1926. Anayesimulia ni Dakta Sheppard, daktari wa kijiji, mpole na mwenye kusaidia. Anafuatana na mpelelezi Hercule Poirot hatua kwa hatua. Mwishoni tunajua kwamba muuaji ni daktari huyohuyo.

Wapo wasomaji na wahakiki waliochukia. Kwao, msimulizi ni kama mwenyeji aliyekushika mkono gizani, na hastahili kukusukuma shimoni. Mwandishi mwenzake Dorothy L. Sayers alimtetea Christie kwa hoja kwamba msomaji wa hadithi za upelelezi anatakiwa kumshuku kila mtu, bila kumbakiza yeyote.

Cha kuvutia ni kwamba ukirudi kusoma, daktari hasemi uongo mkubwa. Anaruka tu. Anatuambia saa ambayo marehemu alipokea barua na saa ambayo yeye mwenyewe aliondoka chumbani, na kati ya saa hizo mbili kuna dakika 10 ambazo hazielezi. Mwishoni mwenyewe anajisifu kwa namna alivyoliandika pengo hilo. Siri ilikuwa mezani muda wote, na sisi tuliipita.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1929, padri na mwandishi Ronald Knox alitunga kanuni 10 za hadithi za upelelezi. Ya kwanza ilidai mhalifu awe mtu aliyetajwa mapema, lakini asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake. Mwaka 1930 waandishi wa Uingereza walianzisha Detection Club, ambayo wanachama wake walikula kiapo cha kutoficha dalili muhimu. Christie aliyeshutumiwa kuvunja haki alikuwa mwanachama, na baadaye akawa rais wa klabu hiyo. Mwaka 2013 wanachama wa chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza waliipigia kura The Murder of Roger Ackroyd kuwa riwaya bora zaidi ya uhalifu kuwahi kuandikwa. Yaani kilichoitwa hila kimekuja kuitwa kipaji.

Ndoa ya mwaka 2012 *(Tahadhari: sehemu hii inafichua siri ya Gone Girl)*

Gone Girl ya Mmarekani Gillian Flynn ilitoka mwaka 2012 na filamu yake mwaka 2014. Mke, Amy, ametoweka. Mume, Nick, anashukiwa. Tunasoma shajara ya Amy inayoonyesha ndoa iliyogeuka kuwa ya hofu. Katikati ya kitabu tunagundua kwamba Amy yu hai, na shajara ile aliitunga ili mumewe aonekane muuaji.

Wasomaji waligawanyika. Kundi moja lilipenda kwamba mwandishi amemwonyesha mwanamke mwovu mwenye akili kali, badala ya yule wa kuonewa huruma kila siku. Kundi jingine lilihoji jambo zito: katika dunia ambamo wanawake wengi wanaoteswa hawaaminiki, je, hadithi ya mke anayezua mateso ya uongo haiwapi silaha watesaji? Flynn alijibu wakosoaji kwa kusema kwamba usawa ni pamoja na kukubali kuwa wanawake nao wanaweza kuwa wabaya.

Hatuna haja ya kuamua nani kashinda. Ila tunaona kwa nini mjadala haukuisha. Anayeishi na mwenza anayemfanya aitilie shaka akili yake mwenyewe hausomi mgeuko huo kama mchezo. Kwa Kiingereza, aina hiyo ya mateso ilipata jina lake kutokana na tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938, Gas Light, ambamo mume anamfanya mkewe aamini kwamba anapata wazimu. Kwa wengine hiyo si hadithi ya kubuni.

Vivyo hivyo kuhusu ugonjwa wa akili. Tangu Psycho ya Robert Bloch, iliyotoka mwaka 1959, waandishi wengi wamefunga hadithi kwa jibu moja rahisi: kumbe alikuwa mgonjwa wa akili. Wataalamu wa afya ya akili wamerudia mara nyingi kwamba wagonjwa wengi hawana ukatili, na kwamba wao ndio huwa katika hatari kubwa ya kufanyiwa ukatili. Familia inayomuuguza ndugu yake ikisoma mgeuko wa aina hiyo haipigwi butwaa. Inachoka tu.

Je, kumwaga mtama kunaharibu uhondo?

Wenye kazi hii wamekuwa wakilinda siri zao kwa nguvu. Filamu ya Psycho ilipotoka mwaka 1960, Alfred Hitchcock alitaka kumbi za sinema zisimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza. Tamthilia ya Christie iitwayo The Mousetrap, iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1952, humalizika kwa watazamaji kuombwa wasimwambie mtu muuaji ni nani.

Lakini mwaka 2011 watafiti Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa matokeo yaliyoshangaza wengi. Waliwapa watu hadithi fupi 12, baadhi zikiwa zimefichuliwa mapema. Kwa wastani, waliojua mwisho walizifurahia zaidi. Mwaka 2015 watafiti wengine walipima suala hilo na kupata kinyume: hadithi zisizofichuliwa ndizo zilizopendeza na kusisimua zaidi.

Sisi tunaona pande zote mbili zina jambo. Ajuaye mwisho hupata raha ya kuona fundi anavyofunga mafundo. Asiyejua hupata raha ya kufungwa ndani yake. Raha ya kwanza unaweza kuipata wakati wowote kwa kusoma tena. Ya pili huipati ila mara moja, na ukiinyima jirani yako huwezi kumrudishia.

Kwa msomaji wa Kiswahili

Jambo hili si geni kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na wasomaji wakazoea kusubiri aeleze mwishoni alivyounganisha dalili ambazo nao walizipita. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Baadaye hadithi za mfululizo magazetini zilifundisha wasomaji kuishi na taharuki kwa wiki nzima: "itaendelea" likishaandikwa, kila kijiwe kilikuwa na mpelelezi wake.

Hadithi za mfululizo zina sheria yake. Msomaji anayesubiri wiki nzima ana muda wa kukagua kila uwezekano, hivyo mgeuko dhaifu hauponi. Ndiyo maana hata leo, hadithi zinazosambazwa kwa simu kipande kwa kipande hubishaniwa kwa ukali pale mwandishi anapomfufua mhusika aliyezikwa.

Jinsi ya kuupima mgeuko

Ukimaliza kitabu na hujui kama umefurahi au umeibiwa, jiulize maswali matatu:

1. *Je, dalili zilikuwepo?* Rudi nyuma. Ukizikuta, umezidiwa ujanja kwa haki. Usipozikuta, lalamika.
2. *Je, wahusika bado ni walewale?* Mgeuko mzuri humfanya mhusika aeleweke zaidi. Mbaya humgeuza mtu mwingine kabisa ili hadithi iishe.
3. *Je, kitabu kinasomeka mara ya pili?* Kama siri ikishajulikana hakibaki chochote, kilikuwa kitendawili tu.

Tunaongeza tahadhari moja kwa wauzaji na watangazaji, sisi tukiwemo. Siku hizi majalada mengi hutangaza kwamba ndani kuna mgeuko ambao hutautarajia. Maneno hayo tu yanatosha kumfanya msomaji amshuku kila mtu kuanzia ukurasa wa kwanza, na mwandishi anapofika kwenye siri yake, anamkuta msomaji amekwishafika.

Kwa hiyo tukizungumzia kitabu hewani, tunataja mahali, wahusika na tatizo lao, kisha tunaishia hapo. Kama mada ndani yake inagusa ukatili wa nyumbani, kujiua au ugonjwa wa akili, hilo tunalisema wazi. Kulisema si kumwaga mtama. Msikilizaji ana haki ya kujua anaingia nyumba ya namna gani, hata kama hajaambiwa aliyejificha nyuma ya mlango.