Amri ya Nane Kabla ya Ile ya Tano

Tunapofundisha kipaimara, Amri Kumi huja kwa zamu zake. Katika hesabu yetu Walutheri, kutoua ni amri ya tano, na kutomshuhudia jirani uongo ni ya nane. Watoto huzikariri hivyo, na tunapofika ya nane kwa kawaida sote tumechoka, tunazungumzia umbeya na masengenyo, tunafunga kwa sala. Lakini kwa miaka kadhaa sasa, tukisoma na wanafunzi wetu wa chuo habari za polisi wa Marekani na watu weusi waliouawa mikononi mwao, tumejikuta tukizisoma amri hizo kinyumenyume. Mara nyingi ya nane ilivunjwa kwanza. Ya tano ilifuata sekunde chache baadaye.

Tuanze Memphis, jimbo la Tennessee, usiku wa tarehe 3 Oktoba 1974. Mama mmoja aliwaita polisi akisema amesikia vioo vikivunjwa nyumba ya jirani. Askari mmoja alizunguka nyuma ya nyumba, akasikia mlango ukibamizwa, akamwona mtu akikimbia hadi kwenye ua wa waya wenye urefu wa futi sita. Alimmulika kwa tochi. Aliona uso wake na mikono yake, na baadaye alieleza mahakamani kwamba hakuona silaha na aliamini kwa kiasi kikubwa kuwa kijana hakuwa nayo. Alimwamuru asimame. Kijana aliporukia ua ili apande, askari alimpiga risasi kisogoni. Jina lake lilikuwa Edward Garner, mwanafunzi wa miaka 15, mwembamba. Alikutwa na mkoba mdogo na dola 10 kutoka katika nyumba ile.

Askari hakuvunja sheria. Sheria ya Tennessee ilimruhusu, baada ya kutoa onyo, kutumia njia yoyote inayohitajika kumkamata mtuhumiwa wa kosa kubwa anayekimbia. Kanuni hiyo ilitoka Uingereza ya kale, zama ambazo karibu kila kosa kubwa lilistahili kifo. Aliyekimbia akauawa njiani alihesabiwa kuwa amewahishiwa tu adhabu yake. Karne zikapita, wizi wa nyumba ukaacha kuwa kosa la kunyongwa, ila ruhusa ya kumpiga risasi mkimbizi ikabaki pale pale kama nguzo ya nyumba iliyobomolewa. Baba yake Edward alifungua kesi, akaenda nayo ngazi kwa ngazi kwa miaka mingi. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji sita kwa watatu, kwamba polisi hawezi kumuua mtu kwa sababu tu anakimbia. Lazima awepo msingi wa kuamini kuwa mtu huyo ni hatari kwa uhai wa wengine.

Jambo moja tusilipite. Askari yule naye alikuwa mweusi. Wapo wanaosema basi suala la rangi halikuwepo. Lakini mtafiti James Fyfe, aliyewahi kuwa polisi New York, alichunguza rekodi za Memphis za miaka hiyo, akaona kwamba weusi wasio na silaha na wasiomshambulia mtu walipigwa risasi kwa kiwango kikubwa sana kuliko weupe wa hali hiyo hiyo. Upendeleo waweza kukaa ndani ya kanuni na desturi ya kazi, na anayeivaa sare huivaa pamoja nao, awe wa rangi yoyote.

Miaka minne baadaye, mwaka 1989, mahakama hiyo hiyo iliweka kipimo kinachotumika hadi leo: tendo la polisi litazamwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwepo pale, bila hekima ya baadaye. Ni kipimo chenye haki ndani yake. Washarika wetu walio polisi wanajua jinsi sekunde moja gizani isivyofanana na saa nzima mezani pa hakimu. Ila tangu hapo mzigo wote wa kesi umeangukia kwenye hofu: askari aliona nini, na je, hofu yake ilikuwa ya busara? Sheria huuliza swali hilo, lakini haina uwezo wa kuuliza hofu yenyewe ilifundishwa na nani.

Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, huko Bronx, New York, askari wanne waliovaa kiraia walimkuta Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, mlangoni kwake. Alitoa pochi yake. Waliona bastola. Walifyatua risasi 41, na 19 zikampata. Mahakama iliwaachia wote wanne mwaka uliofuata, na hatuna haja ya kudhani walidanganya. Yaelekea kweli waliona bastola, na hilo ndilo linalotutisha zaidi. Ushahidi wa uongo ulikuwa umeshatolewa dhidi ya mtu wa namna ile muda mrefu kabla hajafika mlangoni, na macho yakaupokea.

Uongo huo una historia. Kule Carolina, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1700, vikundi vya doria viliundwa kuwasaka watumwa, kuwasimamisha njiani na kudai vibali vyao. Husemwa kwamba polisi wote wa Marekani wametokana na doria hizo. Hiyo ni nusu ya ukweli, kwa kuwa miji ya kaskazini kama New York ilijifunza zaidi kwa polisi wa London walioanzishwa mwaka 1829. Hata hivyo nusu ya ukweli ni nzito. Kwa vizazi vingi, katika sehemu kubwa ya nchi ile, mtu mweusi anayetembea usiku alikuwa mtuhumiwa kisheria kabla hajafanya lolote.

Mjadala wa leo umejaa hesabu, na hesabu zinastahili heshima. Gazeti la Washington Post, lililoanza kuhesabu mwaka 2015, lilipata watu wapatao 1,000 wakiuawa kwa risasi za polisi kila mwaka. Weupe ndio wengi zaidi kwa idadi, lakini weusi huuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ukilinganisha na wingi wao katika nchi. Wengine hujibu kwamba tulinganishe na mara wanazokutana na polisi. Jibu hilo linatuuliza swali lingine: nani huamua asimamishwe nani? Serikali ya Marekani ilipochunguza mji wa Ferguson baada ya kuuawa kwa Michael Brown mwaka 2014, haikupata ushahidi wa kumshitaki askari aliyempiga risasi. Wakati huo huo ilieleza kuwa weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi na asilimia 93 ya waliokamatwa. Taarifa zote mbili zilitoka mwezi mmoja, Machi 2015, na watu wengi walisoma ile tu iliyowapendeza.

Sisi Walutheri hatuwezi kuutupa upanga wa serikali. Warumi 13 tunaijua, na mwaka 1523 Luther aliandika kwamba Mkristo aweza kuushika kwa ajili ya kumlinda jirani. Lakini tunaposoma sura hiyo, tusome pia Matendo 21 na 22. Jemadari wa Kirumi anamkamata Paulo Yerusalemu akidhani ni Mmisri fulani, mkuu wa wauaji. Hakuna ushahidi, pana fujo tu na mtu mgeni. Wanamfunga ili apigwe mijeledi, ndipo Paulo anapouliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi bila hukumu. Jemadari anaogopa, na mjeledi unashuka. Tumehubiri mara nyingi juu ya hekima ya Paulo. Mara chache tumewafikiria wale ambao siku hiyo hawakuwa na uraia wa kutaja.

Mwaka 2015 huko Charleston, kijana mweupe aliwaua watu tisa waliokuwa katika kipindi cha Biblia kwenye kanisa la Emanuel. Alikuwa mshiriki wa usharika wa Kilutheri wa ELCA. Wawili wa wachungaji aliowaua walikuwa wamesoma katika seminari ya Kilutheri. Alikamatwa siku iliyofuata akiwa mzima, na polisi wakamnunulia chakula. Tunamshukuru Mungu kwamba alikamatwa hai. Ndivyo upanga unavyopaswa kushikwa. Subira hiyo ilikuwepo, ilijulikana, ilifundishika. Mwaka 2019 ELCA, kanisa ambalo washiriki wake ni weupe karibu wote, liliwaomba radhi hadharani watu wa asili ya Afrika kwa sehemu yake katika utumwa na ubaguzi. Wengine wetu tuliona imechelewa. Huku kwetu hatujaandika waraka wa namna hiyo kwa yeyote.

Dayosisi yetu ya Iringa na sinodi ya Saint Paul, Minnesota, zimetembea Bega kwa Bega kwa miaka mingi. Wachungaji wetu kadhaa wamesoma Luther Seminary. Si mbali na hapo, katika kitongoji cha Falcon Heights, tarehe 6 Julai 2016, askari alimsimamisha Philando Castile. Kwenye redio alikuwa amesema dereva anafanana na mtuhumiwa wa ujambazi kwa sababu ya pua yake pana. Castile, msimamizi wa bwalo la shule, alikuwa ameshasimamishwa barabarani zaidi ya mara 40 tangu ujana wake. Alimweleza askari kwa adabu kwamba anayo bastola. Alikuwa na kibali chake. Alipigwa risasi mbele ya mwenzake na mtoto wa miaka minne. Askari aliachiwa na mahakama mwaka 2017.

Pua pana. Tuliposoma maneno hayo darasani, wanafunzi walitazamana.

Nasi tuna yetu. Mtu akipaza sauti sokoni kwamba yule ni mwizi, hakuna anayeuliza mara ya pili, na kesho yake magazeti huandika juu ya wananchi wenye hasira kali. Hapo hakuna rangi wala sare, ila mpangilio wa amri ni ule ule. Siku hizi kipaimara tunaipa amri ya nane majuma mawili. Kijana mmoja aliuliza kama ni ushahidi wa uongo iwapo mtu amewaza tu bila kusema. Tulimrudisha kwenye habari ya Falcon Heights aisome tena, na kengele ikalia kabla hajamaliza.