Ametengwa au Ametengewa?

Ukifika shule ya msingi yenye kitengo ukauliza, "Kitengo kiko wapi?", hakuna atakayekuuliza kitengo cha nini. Mlinzi atanyoosha mkono: lile jengo la mwisho, karibu na jiko. Maofisini neno hilo ni kavu, kitengo cha uhasibu, kitengo cha manunuzi, na halimuumizi mtu. Shuleni limekuwa jina la mahali, kisha likawa jina la watoto wenyewe. "Yule ni wa kitengo," husema wenzao wakati wa mapumziko, na maelezo yameishia hapo.

Kitengo kimezaliwa na kutenga, na kutenga ni kitenzi cha nyuso mbili. Mama hutenga chakula, halmashauri hutenga fedha, ukoo humtenga aliyewakosea. Chakula kimetengwa kwa sababu kuna anayesubiriwa, ila mtu akitengwa hasubiriwi na yeyote. Lugha yenyewe imeweka alama ya kuzitofautisha hali hizi, kiungo kidogo tu cha kutendea: kuna mtoto aliyetengwa na kuna mtoto aliyetengewa. Wa kwanza ameondolewa katikati ya wenzake. Wa pili amewekewa kitu, mwalimu aliyesomea kazi hiyo, kifaa, muda, nafasi karibu na ubao. Wote wawili wanaweza kuwa ndani ya jengo lile lile la karibu na jiko, na ukipita nje huwezi kujua yupi ni yupi mpaka uingie uone mezani kuna nini.

Nimezoea kuzipima istilahi za elimu maalumu, za Tanzania zaidi na za Kenya kiasi, kwa kiungo hicho. Je, neno hili linamtaja mtoto tu, au linasema ametengewa nini? Kwa kipimo hicho Kiswahili kimehangaika sana upande mmoja na kulala upande wa pili. Mtoto tumemtafutia majina, tukayabadilisha, tukayasafisha tena. Msaada wake mara nyingi hauna hata jina moja.

Tuanze na majina. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo: yote yamevaa ki- ya viti na vikombe, ingawa tunasema kiziwi amefika, wala hatusemi kimefika. Hoja hii ya ngeli hupendwa kwenye semina, kwamba Mswahili aliwaweka watu hawa kwenye kabati la vyombo. Ina mvuto, lakini siiamini sana, maana kiongozi na kinyozi nao wana ki- hiyo hiyo na sijasikia kiongozi akilalamika. Kilichoyachafua maneno hayo ni midomo iliyoyatumia. Hata hivyo yamehama: kilema akawa mlemavu, mlemavu akawa mtu mwenye ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 ikalikalisha hilo la mwisho kwenye jina lake. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Kenya, katika Ibara ya 54, ilimpa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mpenda maneno hawezi kukosa kufurahi anapoiona katiba ikijishughulisha na namna mtu anavyoitwa.

Wenye majina nao wana kauli, na kauli zao hazifanani. Viziwi wa Tanzania chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Neno kiziwi wamelishika bila kuona haya, kwa kuwa kwao linataja watu wenye lugha yao, lugha ya alama, ambayo Kenya wengi huiita lugha ya ishara. Chama cha Wasioona Tanzania, kwa upande wake, neno kipofu kimeliacha njiani. Anayetaka kanuni moja ya adabu kwa wote atahangaika. Ni afadhali aulize.

Neno linalonisumbua kuliko yote ni mtindio wa ubongo. Wataalamu wa utengamao hulitumia kwa hali ambapo ubongo unaokua umepata madhara kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Huenda mtoto alikosa hewa, huenda alipata manjano kali ya uchangani au homa ya uti wa mgongo, na matokeo yake ni misuli isiyotii. Mtaani, na hata kwenye karatasi za shule, neno hilo hilo limetumika kwa ulemavu wa akili. Sasa tazama linavyofanya kazi mlangoni. Mtoto wa miaka mitano anafika mgongoni kwa mama yake. Shingo haimtulii, mate yanamtoka, maneno yanakuja kwa shida kwa sababu ulimi nao ni msuli. Karatasi ya hospitali imeandikwa mtindio wa ubongo. Mwalimu anasoma ubongo, anaelewa akili, anampeleka kwenye darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, ambako asubuhi yote ni kufunga vifungo vya shati na kupanga vikombe. Huenda mtoto huyo anajua kuhesabu mpaka mia moja. Hakuna aliyemuuliza kwa njia anayoweza kujibu, kwa jicho, kwa kidole, kwa ubao wa picha. Alichotakiwa kutengewa ni kiti chenye mkanda wa kumshika kiwiliwili, na mtu mwenye subira ya kumngoja amalize sentensi. Lawama nusu ni ya mwalimu na nusu ni ya istilahi moja iliyobebeshwa hali mbili. Tunayo tayari "ulemavu wa akili" kwa hali ya pili. Sioni kwa nini lile la kwanza lisiachiwe misuli peke yake.

Usonji limebahatika zaidi. Ni geni masikioni mwa wengi, na ugeni huo umelisaidia, kwa kuwa halikuwahi kuwa tusi la mtu. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji, na mimi hulipenda jina la shule hiyo kwa sababu zangu: mseto ni wali na choroko katika chungu kimoja, na choroko inabaki choroko. Shule nyingine ya jiji hilo yenye historia ndefu ya kupokea watoto wenye ulemavu ni Uhuru Mchanganyiko. Mchanganyiko wa jina hilo ni wa wavulana na wasichana, maana ipo pia Uhuru Wasichana, lakini mgeni akilisikia hudhani limetungwa kwa ajili ya watoto hao. Baadaye ndipo likaja neno rasmi, jumuishi, likapata nguvu baada ya Azimio la Salamanca la mwaka 1994. Asili yake ni nzuri: ndugu zake ni jamaa, jamii, jumuiya, hata Ijumaa, yote maneno ya watu kukutanika. Shida ni kwamba kukutanika kunaweza kuwa ndiyo habari yote. Mtoto asiyesikia amekaa mstari wa nne katika darasa la watoto tisini, mwalimu anaongea huku amegeukia ubao, na kwenye taarifa ya mwaka shule hiyo ni jumuishi.

Mahitaji maalumu nayo (Kenya huandika maalum, bila u ya mwisho, na huo ni mmoja wa ugomvi mdogo mdogo wa majirani) ni istilahi ya kiungwana kuliko zote. Inaweza kuingia kwenye hotuba yoyote bila kumkwaza mtu. Chini ya mwavuli wake wamo mtoto asiyeona, mtoto mwenye usonji, mtoto mwenye kigugumizi, na katika nyaraka kadhaa hata mwenye kipaji kikubwa. Lakini isome upya. Mahitaji ni wingi. Mtu akisema ana mahitaji, hata dukani, muuzaji humuuliza yapi. Shuleni neno hili limefanya kinyume: likishatamkwa, maswali yanakoma. "Huyu ana mahitaji maalumu," anasema mwalimu kwa upole, na wote wanatikisa kichwa kana kwamba mahitaji yenyewe yameorodheshwa.

Ili yaorodheshwe inabidi mtoto apimwe, na hapa mzazi hukutana na neno jingine la nyuso mbili. Kupimwa kwa mama wa mtaani ni damu, ni mizani ya kliniki, ni majibu ya ama unao ama huna. Ndiyo maana waraka wa Tanzania husema pia ubainishaji, nami naupenda zaidi, kwa sababu kubaini ni kuona kilichopo na hakuna mizani inayotajwa. Kenya husema tathmini. Huko vituo vya kutathmini watoto vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, ikafuata mwaka 1986. Kinachokuja baada ya kubaini huitwa afua. Wanaolisikia leo kwenye miradi hudhani limetungwa juzi, kumbe kamusi za zamani zinalijua kwa maana ya kuokoa. Afua za mapema: kumfundisha mtoto kushika kijiko, kumfundisha kuonyesha anachotaka, kumfunga kifaa cha mguu kabla mfupa haujakomaa vibaya. Neno zuri, ila nasikitika kwamba limekaa kwenye vitabu vya miradi na mzazi hajawahi kulisikia.

Kumbe tukiamua tunaweza. Nukta nundu ni mfano wa istilahi iliyotungwa na mtu mwenye vidole: nukta zilizovimba kama nundu ya ng'ombe, ukizigusa unajua unasoma nini, wala hakuna haja ya kumjua Mfaransa aliyezibuni. Shimesikio na kitimwendo pia zimesimama vizuri. Angalia kwamba zote tatu ni majina ya vitu vinavyokabidhiwa. Mzazi anaweza kuandika, "Mtoto wangu hana shimesikio," na afisa elimu akajua anaombwa nini na kwa bajeti ipi. Hata tofauti ya asiyeona na mwenye uoni hafifu ni ya kazi hasa: wa kwanza atahitaji nukta nundu, wa pili maandishi makubwa na dawati lililosogezwa, na ukiwachanganya mmoja wao atapoteza mwaka.

Mfano bora zaidi wa kutengewa niliouona katika Kiswahili rasmi hauna istilahi ngumu hata moja. Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza mtihani wa darasa la saba hueleza nyongeza ya muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hapo hakuna wa kubishana naye. Msimamizi anaangalia saa. Ninachouliza ni kwa nini nyongeza hiyo imngoje mtoto mpaka afike darasa la saba. Mtoto wa darasa la awali anayechukua muda mrefu kushika penseli anahitaji dakika zake Jumatatu hii, na hakuna neno lililozoeleka la kumwombea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalo wazo hilo katikati yake, kwamba taasisi ibadilike kidogo ili mtu aweze kushiriki. Kwa Kiswahili nimeliona likiitwa marekebisho stahiki, marekebisho ya kufaa, na majina mengine yasiyotoka nje ya ukumbi wa mkutano.

Pengo jingine ni la mtu. Yule mtu mzima anayekaa ubavuni mwa mtoto darasani, anayemrudishia kalamu, anayemtoa nje kelele zinapomzidi, tunamwitaje? Shule za binafsi hukodi jina la Kiingereza. Za serikali, pale anapopatikana, ni dada, au mlezi, au mama yake mtoto mwenyewe aliyeombwa "akae kidogo mpaka azoee" na akakaa mwaka mzima bila mshahara. Kazi isiyo na jina haiingii kwenye ikama. Ningependekeza "mwandani wa darasa", maana mwandani ni mtu wa karibu, ila najua watu watacheka. Basi na waje na lao.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alipokwenda kumwandikisha mwanawe darasa la awali, alipeleka barua niliyomsaidia kunakili. Tuliandika kwamba mtoto akae mbele upande wa kushoto, kwa kuwa sikio la kulia halisikii. Kwamba mwalimu amguse bega kabla ya kumsemesha. Kwamba maagizo yawe moja moja. Na kwamba kengele ikilia mtu amshike mkono, maana huwa anakimbia. Mwalimu mkuu aliisoma yote. "Haya tunayaweza, mama," akasema, "hata kesho." Kisha akavuta fomu ya uandikishaji, akaigeuza imwelekee mama, akaweka ncha ya kalamu kwenye kisanduku cha aina ya ulemavu. "Ila hapa sasa, tuandike nini?"