Bangili za wamama wahamiaji: kazi ya zamani hapa kwetu

Kalemie – Kando ya soko, mama mmoja mhamiaji wa vita ana meza ndogo. Juu yake kuna bangili za shaba iliyotolewa katika nyaya za umeme zilizoharibika, na hereni zilizokatwa kwenye mifuniko ya sufuria. Juma lililopita kijana mmoja alipita akasema: «Huyu mama anauza takataka.» Mama hakujibu, aliendelea kusokota. Neno lile nilirudi nalo nyumbani.

Wandugu wasomaji, upande wa Bukama, kando ya ziwa Kisale, kuna mahali panaitwa Sanga. Mwaka wa 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya zamani pale. Walikuta watu waliozikwa kwa heshima karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, pamoja na vyungu, vyuma na mapambo ya shaba: mikufu, bangili, waya uliosokotwa. Lakini pale hakuna mgodi wa shaba. Ilitoka mbali, upande wa kusini, na watu walitembea kwa miguu. Kipande kidogo cha shaba hakikuwa kitu cha kutupwa.

Makaburi ya baadaye yana misalaba midogo ya shaba, mikononi au kiunoni mwa marehemu. Kadiri miaka ilivyopita misalaba ilizidi kuwa midogo na ya kufanana, na wataalamu wanaona humo pesa. Ndiyo misalaba mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka wa 1960.

Kisha wakaja Bayeke kutoka Unyamwezi, ng'ambo ya ziwa letu. Chini ya M'siri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, wahunzi wao walijua kuvuta waya. Ufito wa shaba unachongwa ncha, unapitishwa kwenye tundu la chuma, watu wanauvuta. Halafu tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena, mpaka waya unakuwa mwembamba kama uzi. Uzi huo walizungushia nyuzi za mti au manyoya ya mnyama, ikawa bangili.

Kwenye mto Kongo, pesa yenyewe iligeuzwa pambo. Wazungu walilipa chakula na vibarua kwa fito za shaba ya manjano zilizoitwa mitako. Wahunzi waliziyeyusha, wakafanya mapete ya shingoni ya kilo nyingi, yaliyobanwa kwa nyundo shingoni mwa wake za matajiri. Kulala nayo hakukuwa raha. Lakini mwanamke aliyeyavaa alikuwa amevaa akiba ya nyumba.

Mama wa sokoni anajua habari ya akiba. Alipokimbia kijiji chake, alikuwa na mtoto mgongoni na bangili mbili za marehemu mama yake mkononi. Mahindi yalibaki, mbuzi walibaki. Bangili moja ililipa mtumbwi. Ya pili anaivaa bado, na ndiyo kipimo cha zile anazosokota.

Kwa wanaotaka kuiga: nyaya zake ni mabaki, anayanunua kwa mafundi wa umeme. Waya uliokatwa usiku kwenye nguzo unaacha mtaa mzima gizani, na bangili ya namna hiyo mimi sivai. Plastiki ya waya anaichuna kwa kisu, haichomi, maana moshi wake ni sumu na watoto wako karibu. Hereni za bati anazisugua juu ya jiwe mpaka zisikate ngozi. Kazi hiyo inamchukua muda kuliko kukata kwenyewe.

Jumamosi kijana yule alirudi. Alitaka bangili ya dada yake, akaomba apunguziwe bei. Mama alikataa.