Zambarau, Tunda la Zamani la Pwani

Watoto wa Temeke na Kinondoni hawahitaji kufundishwa zambarau. Huzila kwa chumvi hata ulimi ukageuka rangi ya wino, na kanzu ikiingia doa, mama hujua mara moja mtoto alikuwa chini ya mti gani. Hata rangi yenyewe twaiita zambarau, kwa jina la tunda. Lakini tukiulizwa lilianza lini kuliwa katika pwani yetu, wengi wetu hujibu kwamba lililetwa juzijuzi na Wahindi waliokuja kufungua maduka. Khabari za kale zaonyesha vingine.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Moroko, alifika Mombasa kwa chombo, akalala usiku mmoja, kisha akashika njia ya Kilwa. Safari hiyo ilimpitisha katika bahari ya kwetu, zaidi ya miaka 500 kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam. Ameeleza kwamba watu wa Mombasa walikula zaidi ndizi na samaki, na kwamba walikuwa na tunda moja tamu sana, lenye kokwa, alilolifananisha na zeituni. Jina lake, asema, ni jammun. Basi jamun ndilo jina la zambarau katika India hata leo.

Hapa yatupasa kwenda polepole. Ibn Battuta alisimulia safari zake zikaandikwa mwaka 1355, baada ya kukaa India miaka mingi na kuiona miti hiyo huko. Yamkini tunda la hapa alilipa jina la huko. Maana Afrika ina mzambarau mwitu wake, ndugu wa ule wa India, nao matunda yake huliwa. Sisi twaelekea kuamini kwamba mbegu ilikuja na vyombo vya biashara, kwa kuwa yeye mwenyewe asema wenyeji ndio walioliita hivyo. Mwenye kushika upande wa pili hatumwiti mjinga.

Pamoja na tunda huja dawa. Katika India maji ya zambarau hufanywa siki, magome huchemshwa kwa ajili ya mtu aharaye, na kokwa hukaushwa zikasagwa kuwa unga wa kutibu kisukari. Dawa hiyo ya mwisho hutajwa huku kwetu pia. Mwaka 2004 madaktari wa Brazili walitangaza jaribio lao: wagonjwa wengine wa kisukari walipewa chai ya majani ya mzambarau, wengine kidonge cha hospitali. Kidonge kilishusha sukari, chai haikuishusha. Kweli, walijaribu majani, si kokwa. Lakini mzee aliyeacha vidonge vyake kwa ajili ya chai hiyo na arudi leo kwa daktari wake. Zambarau zenyewe na azile kwa kiasi, pamoja na wajukuu.